Je, wajua kwa nini serikali ya Marekani inawalipia watu bili ya joto la nyumba?

Mtu aliyekulia Dar au Kigoma akisikia kwamba Marekani, nchi ambayo kila siku inahubiri kila mtu apambane na hali yake, ina mfuko wa serikali uitwao LIHEAP unaomlipia maskini bili ya kupasha nyumba joto, lazima aulize imekuwaje. Chakula sawa, matibabu sawa, lakini joto? Jibu fupi ni kwamba baridi ya kule inaua, na kuanzia mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda mpaka wanasiasa wakakosa pa kukimbilia. Jibu refu linafaa kujulikana, hasa kama una ndugu Minnesota, Maine, Ohio, Iowa au Kentucky, sababu watu wetu wengi wako huko, Wakongo, Warundi, Wakenya, na wengi wana sifa zote za kuomba huo msaada ila kila mwaka msimu unapita hawajaomba.

Tuanze na baridi yenyewe. Minneapolis mwezi wa kwanza, usiku kushuka mpaka nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri watu hawashangai kabisa. Nyumba isiyo na joto kwa hali hiyo inaharibika yenyewe, maji yanaganda kwenye bomba, yakiganda yanatanuka, bomba linapasuka, na siku barafu ikiyeyuka unaogelea sebuleni. Mwili nao hivyo hivyo. Watu wanadhani kufa kwa baridi ni mpaka ulale nje kwenye theluji, kumbe mzee anaweza kushuka joto la mwili hadi pabaya akiwa ndani kwake, kwenye nyumba ya nyuzi 15 au 18 tu, joto ambalo kijana anavaa sweta na maisha yanaendelea. Mtoto mchanga pia anapoteza joto haraka sana. Kwa hiyo kule joto liko kundi moja na maji ya kunywa, hakuna mtu anayeliita anasa.

Na ni ghali. Kupasha joto ndiyo kunakula sehemu kubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye nishati inayotumika nyumbani Marekani, kuzidi friji, taa, kufua, kila kitu. Sasa hapa kuna jambo linaloniuma, maskini ndiye analipa zaidi. Kwa hesabu za Wizara ya Nishati ya huko, sehemu ya kipato inayoishia kwenye bili za nishati kwa kaya za kipato cha chini ni karibu mara 3 ya ile ya kaya nyingine. Sababu ziko wazi ukiangalia nyumba wanazoishi: kuta hazina kitu cha kuzuia joto lisitoke nje, madirisha yanapitisha upepo, mashine ya kupasha ni ya zamani inakula gesi kama haina akili nzuri, na mpangaji hawezi kuibadilisha maana siyo yake, na mwenye nyumba naye hana haraka ya kuibadilisha maana bili halipi yeye. Hapo mpangaji anapasha joto mpaka barabara.

Alafu kuna suala la mafuta, ambalo wengi wetu hatulijui mpaka tufike. Karibu nusu ya nyumba za Marekani zinatumia gesi ya bomba, nyingine umeme, ila kule kaskazini mashariki, na Maine hasa ambako nyumba nyingi ziko hivyo, joto linatoka kwenye mafuta yanayoletwa na lori na kujazwa kwenye tangi chini ya nyumba. Nyumbani mafuta ya taa unaenda dukani na chupa yako unapimiwa hata robo lita, kule kampuni nyingi hazikuletei chini ya galoni 100, ambazo ni karibu lita 380, na kama huna historia nzuri ya kulipa unatakiwa utoe hela yote hapo hapo. Galoni ikiwa dola 3 na nusu, hiyo ni dola 350 kwa mkupuo, na baridi ikikaza hazikufikishi mbali. Ndo maana utaona mtu usiku yuko kituo cha mafuta ananunua dizeli kwenye dumu akamimine kwenye tangi la nyumba, inafanya kazi, lakini anainunua bei ya juu kuliko jirani yake mwenye hela anayeletewa na lori.

Sasa turudi 1973. Mwezi wa kumi mwaka huo nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliigomea Marekani kwa sababu ya vita vya Israel na Waarabu, na ndani ya miezi michache bei ya pipa ikapanda karibu mara 4. Watu wa majimbo ya baridi waliokuwa wanaishi kwa mshahara mdogo au pensheni wakajikuta hawawezi kujaza tangi. Majimbo na mashirika madogo madogo yakaanza kusaidia kwa viraka, serikali kuu nayo ikawa inatoa hela za dharura tu, msimu huu zipo msimu ujao hujui. Ikaja 1979, mapinduzi ya Iran, bei ikaruka tena. Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter akasaini kodi maalumu kwenye faida ya ghafla ya makampuni ya mafuta, na ndani ya sheria hiyo hiyo ukawekwa mpango wa kusaidia kaya maskini kulipia nishati, yaani wazo lilikuwa kama bei hii imewatajirisha wengine basi sehemu irudi kwa walioumizwa nayo. Binafsi naona lilikuwa wazo la haki kabisa. Mwaka uliofuata, 1981, chini ya Ronald Reagan, mpango ukaandikwa upya kwenye sheria kubwa ya bajeti ukawa huu wa leo unaoitwa LIHEAP, watu wanatamka Laihip.

Umeona jambo moja hapo? Reagan, yule yule aliyekuwa anakata matumizi ya serikali kila kona, ndiye aliyeusaini. Na mpaka leo mfuko huu unatetewa na vyama vyote viwili, seneta Susan Collins wa Maine ni Republican, seneta Jack Reed wa Rhode Island ni Democrat, na miaka mingi wamekuwa bega kwa bega kuuombea hela. Baridi haiulizi ulipiga kura wapi, na seneta wa jimbo la baridi anajua bibi asiye na joto mwezi wa pili atampigia simu nani.

Jinsi unavyofanya kazi, Kongresi inatenga fungu kila mwaka, miaka ya karibuni limekuwa kama dola bilioni 4, alafu Wizara ya Afya na Huduma za Binadamu, siyo ile ya Nishati, inaligawa kwa majimbo na mataifa ya wenyeji asilia. Jimbo nalo linapitishia hela hizo kwenye ofisi za chini, mara nyingi yale mashirika ya kijamii ya kila kaunti yaliyozaliwa na sheria ya 1964 ya Rais Lyndon Johnson ya kupambana na umaskini. Kwa hiyo ukienda kuomba huendi Washington wala kwenye jengo la kutisha, unaenda ofisi ya mtaani ambayo pengine ndo hiyo hiyo inayoandikisha watoto chekechea. Jina linabadilika jimbo hadi jimbo, New York na Ohio wanaita HEAP, Massachusetts utasikia msaada wa mafuta, Minnesota msaada wa nishati, lakini chanzo kikubwa ni kile kile.

Anayestahili ni nani? Sheria ya shirikisho inaruhusu jimbo kuchukua kaya yenye kipato hadi asilimia 150 ya kiwango cha umaskini au asilimia 60 ya kipato cha kati cha jimbo, kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili, na hairuhusu kuweka kikomo chini ya asilimia 110. Kwa viwango vya 2025 familia ya watu 4 kiwango cha umaskini kilikuwa dola 32,150 kwa mwaka, kwa hiyo asilimia 150 yake ni dola 48,225. Soma tena hiyo namba. Baba anayefanya kazi ya kupakia mizigo ghalani na mama aliye nyumbani na watoto wawili wanaweza kabisa kuwa humo, siyo lazima uwe huna kazi, na hili ndo kosa kubwa la watu wetu, wanadhani ukiwa na kazi basi serikali haikuhusu. Kwenye majimbo mengi kama tayari unapata msaada wa chakula wa SNAP karatasi zinakuwa rahisi zaidi. Wakimbizi, waliopewa hifadhi na wenye grinikadi sheria inawatambua. Nyumba ambayo wengine wana makaratasi na wengine hawana, mambo yanatofautiana kwa jimbo, hapo muulize wakili au shirika lililokupokea, usitegemee maneno ya kwenye grupu la WhatsApp.

Hela yenyewe haipiti mkononi mwako kwa kawaida, inaenda moja kwa moja kwa kampuni ya gesi, umeme au mafuta na wewe unaona salio limepungua. Ni mamia ya dola kwa msimu, haimalizi bili yote. Na kama joto limo ndani ya kodi ya nyumba, bado uliza, yapo majimbo yanayotoa kitu hata kwa mpangaji wa namna hiyo.

Jambo la kuelewa vizuri kuliko yote ni hili, LIHEAP siyo kama SNAP. SNAP ukitimiza masharti unapewa, basi. LIHEAP ni fungu lenye mwisho, likiisha limeisha, hata kama unastahili asilimia 100. Kila mwaka wanaopata ni kaya kama milioni 6 hivi, na ni sehemu ndogo tu ya wanaostahili, wengi sana wanabaki nje, siyo kwamba walikataliwa, ila hawakujua au walifika hela imekwisha. Ndo maana anayeomba mwezi wa kumi au wa kumi na moja dirisha linapofunguka yuko mahali tofauti kabisa na anayesubiri mpaka mwezi wa pili akiwa na barua ya kukatiwa umeme au gesi mkononi.

Na asiyepata anafanya nini? Anachagua kati ya chakula na joto. Madaktari wa watoto wameliona hili kwa macho yao, utafiti wao wa 2006 kwenye hospitali za miji kadhaa uliwakuta watoto chini ya miaka 3 kutoka familia zinazopata LIHEAP hatari yao kwa upande wa lishe ilikuwa ndogo kuliko ya watoto wa familia zinazostahili ambazo hazikupata. Bili ya gesi inalipiwa, hela ya maziwa inabaki. Wengine wanawasha oveni na kuacha mlango wazi, wengine wanaingiza jiko la mkaa ndani, na Februari 2021 umeme ulipokatika Texas kwenye ile baridi kubwa watu wengi walikimbizwa hospitali kwa sumu ya kaboni monoksidi, kwa sababu ya mkaa, jenereta na magari yaliyowashwa gereji. Naomba sana hili tuambiane, mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa kwa baridi unaua ukiwa usingizini. Hizi hita ndogo za umeme nazo zina hatari yake, moto wa Bronx wa Januari 2022 uliochukua watu 17, wakiwemo watoto 8 na familia nyingi zenye asili ya Gambia, ulianzia kwenye hita ya namna hiyo.

Mwaka 2025 mfuko ulitikiswa. Tarehe 1 Aprili wafanyakazi wa ofisi ya shirikisho inayousimamia waliambiwa hawana kazi, bajeti ya Rais Trump ikapendekeza ufutwe kabisa, na Oktoba serikali ilipofungwa kwa siku 43 hela zikachelewa kufika majimboni, wengine wakasogeza tarehe ya kuanza huku baridi imeshaingia. Kwa hiyo usitegemee tarehe za mwaka jana, piga 211, ndiyo namba ya kuulizia huduma karibu kote Marekani, na uombe mkalimani wa Kiswahili, ofisi nyingi zina wa kwenye simu na hulipi.

Ukienda beba vitambulisho, uthibitisho wa kipato wa kila mtu mzima wa nyumba, mkataba wa nyumba na bili ya karibuni. Hapo hapo uliza kuhusu mpango wa pili, wa kuziba nyumba isipitishe baridi, ulioanza 1976 na uko chini ya Wizara ya Nishati, wanaziba nyufa, wanaweka vizuizi vya joto, wakati mwingine wanatengeneza hata mashine, bure, ila mpangaji anahitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Kwangu mimi huu ndo unaotibu ugonjwa, LIHEAP inatuliza maumivu.

Majimbo mengi ya baridi pia yana sheria za kuzuia usikatiwe umeme au gesi msimu wa baridi, Massachusetts ni 15 Novemba hadi 15 Machi, Minnesota 1 Oktoba hadi 30 Aprili ila lazima uwasiliane na kampuni mkubaliane unavyolipa. Deni linabaki na linakusubiri. Na kwa mwenye tangi la mafuta sheria hizi hazimsaidii kitu, kwake hakuna wa kumkatia, tangi linakauka tu. Huyo akifika hapo anatakiwa aombe msaada wa dharura, siyo ule wa kawaida, na aseme wazi kwamba mafuta yameisha na ndani kuna mtoto au mgonjwa. Sheria inaitaka ofisi imsaidie anayestahili ndani ya saa 48, na kama maisha yako hatarini ndani ya saa 18.