Shoti ya keshia: hapo ndipo wafanyakazi wanapokupima

Mwenye duka akiuliza afanye nini wafanyakazi wajione wanathaminiwa, mara nyingi fulana za kampuni zimeshashonwa na nyama choma ya mwisho wa mwaka imeshapangwa. Mimi huanza na swali moja: keshia akipata shoti jioni, yaani pesa za droo zikipungua kuliko mauzo, inakuwaje?

Kwenye maduka mengi anakatwa mshahara, basi. Keshia naye si mjinga. Anajiwekea akiba ya shoti: mteja wa 1,950 akitoa 2,000 anaambiwa hakuna chenji, anapewa pipi. Droo ikizidi, ziada haitajwi, inafichwa ifidie ya kesho. Hesabu zinaonekana safi, nawe hujui tena duka linavujia wapi.

Utaratibu wa haki unaanza asubuhi. Chenji ya kuanzia, tuseme 50,000, ihesabiwe na watu wawili na wote wasaini. Droo moja, keshia mmoja. Msimamizi akimshikia droo "dakika mbili tu" aende chooni, shoti ya siku hiyo haina mwenyewe. Kumkata mtu hapo ni kubahatisha. Jioni hesabu ifanyike keshia akiwepo, si akishaondoka kuwahi daladala.

Mashine ikisema mauzo ya taslimu ni 1,240,000, ukijumlisha chenji ya kuanzia droo inatakiwa iwe na 1,290,000. Zimehesabiwa 1,254,500: shoti 35,500. Kabla hujamkunjia mtu uso, fungua taarifa ya lipa namba, ile wateja wanayolipia kwa simu, ya siku hiyo utafute 35,500. Kosa linalojirudia sana ni mteja kulipa kwa simu na keshia kubonyeza taslimu: droo inapungua, lipa namba inazidi kwa kiasi kile kile. Isipoonekana, pitia bidhaa zilizorudishwa na risiti zilizofutwa.

Ikithibitika ni kosa lake, kwa Tanzania kuna kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Umweleze kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi, na ulivyokipigia hesabu. Umpe nafasi ya kupinga. Usikate zaidi ya hasara yenyewe, wala makato hayo yasizidi robo ya mshahara. Wa 400,000 mwisho wake ni 100,000.

Mengine hayahitaji maneno mengi: mshahara tarehe ile ile, likizo ya siku 28 isiyoombwa kama sadaka, na sifa yenye kitu ndani yake. "Umegundua ile meseji feki ya malipo" inamwingia mtu kuliko "hongera timu".

Turudi kwenye droo. Ziada iandikwe daftari lile lile la shoti. Mwajiri anayedai shoti na kuchukua ziada kimya kimya asishangae akifichwa. Sarafu za hamsini na mia ni adimu, kwa hiyo mimi hushauri tofauti isiyozidi 1,000 kwa zamu, juu au chini, iandikwe tu bila kuhojiwa. Kinachotazamwa ni mwezi mzima: shoti ya 800 kila siku si sawa na 800 inayopanda na kushuka.

Na usishtuke wiki za mwanzo shoti zikiongezeka kwenye daftari. Si lazima wizi uwe umeanza. Huenda ni zile zile zilizokuwa zikizibwa kwa pipi.