Aliyeandika anyamaze, mwenzake asome

Kikundi chetu cha kujisomea MQL5, lugha ya kuandikia roboti za biashara kwenye jukwaa la MetaTrader 5, kina watu sita na sheria moja: aliyeandika programu haielezi yeye mwenyewe. Mwenzake ndiye anayeisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na kutamka kila mstari utatoa nini kabla hatujaiendesha.

Nimeandika roboti za soko la fedha kwa miaka kadhaa, na naamini kabisa kwamba lugha hii ni ya kujifunza na wenzako. Si kwamba ni ngumu. Aliyewahi kushika C++ ataitambua mara moja. Taabu ni kwamba makosa yake mabaya zaidi hayapigi kelele. MetaEditor, kihariri chake cha programu, inakuonyesha makosa 0, roboti inakaa vizuri kwenye chati, na salio linapungua taratibu.

Juzi mmoja wetu alileta programu ya kukokotoa ukubwa wa loti, yaani kiasi cha kununua au kuuza kwenye oda moja. Alitaka kuhatarisha asilimia 1 ya salio, akaandika:

double hatari = 1/100;

Aliyekuwa zamu ya kusoma akasema hatari ni 0.01. Wote wakaafiki. Nikaomba tuongeze Print(hatari) chini yake, ikatoka 0.0. Kumbe 1 na 100 zote ni namba kamili, kwa hiyo lugha inazigawanya kama namba kamili na kutupa sehemu ya desimali. Jibu linapofika kwenye double, aina ya namba yenye desimali, limeshakuwa sifuri. Loti nayo ikawa sifuri, na oda ikarudishwa na namba 10014, yaani ukubwa wa loti haukubaliki. Dawa yake ni 1.0/100. Mwandishi alikuwa ameutazama mstari huo siku tatu bila kuona kitu, maana alikuwa anasoma nia yake, si alichokiandika.

Hilo angalau lilirudi na namba ya kosa. Lililotufundisha zaidi lilikuwa la iMA, amri ya kukokotoa wastani wa bei unaosogea. Katika MQL4, lugha iliyotangulia MQL5, iMA hukupa thamani ya wastani papo hapo. Katika MQL5 hukupa kishikio tu (namba ya kukirejelea kiashiria hicho), kisha thamani zenyewe unazichota kwa CopyBuffer. Ukichota thamani 3 kuanzia mshumaa wa sasa (mshumaa ni alama ya bei za kipindi kimoja kwenye chati) bila kuongeza kitu, nafasi ya 0 kwenye safu (orodha ya thamani) inakuwa na thamani ya zamani kuliko zote, na ya sasa inakaa nafasi ya 2. Anayetoka MQL4 amezoea 0 iwe sasa. Kwa hiyo mistari miwili ya wastani ikikatana kwenda juu, roboti yake inaona imekatana kwenda chini, inauza.

Aliyeligundua hajui kuandika programu hata kidogo. Anaijua chati. Aliweka kidole kwenye mshumaa na kuuliza, "Mbona hapa imeuza?" Tukachora visanduku vitatu kwenye karatasi, tukajaza thamani kwa mkono, tukalinganisha na za Print. Zilikuwa zimegeuka. Tukaongeza ArraySetAsSeries(safu, true), inayogeuza safu ili 0 iwe ya sasa, mpangilio ukakaa sawa. Tangu siku hiyo siwezi kuanzisha kikundi bila mtu wa namna yake.

OnTick, sehemu ya programu inayofanya maamuzi, nayo huwakwaza wageni: huitwa kila bei mpya inapoingia, si kila mshumaa unapofunga. Hifadhi jibu la iTime(_Symbol, _Period, 0), yaani muda mshumaa wa sasa ulipofunguka, na uamue pale tu linapobadilika.

Kuhusu pesa halisi hatuna haraka. Programu haitoki akaunti ya demo mpaka mwenzako aandike upya sehemu ya kuingia sokoni kwa kufuata maelezo ya mkakati peke yake, bila kuchungulia ya kwako. Kisha zote mbili tunazipitisha kwenye Strategy Tester, chombo cha kujaribu roboti kwa bei zilizopita, kipindi kilekile, mipangilio ileile. Muamala mmoja tu ukitofautiana, tunafungua karatasi tena.