Je, wajua kwa nini nyumba ya marafiki watano Uingereza (England) inataka leseni, ya ndugu watano haitaki?

Nyumba ni ileile: vyumba vitano, jiko moja, choo na bafu vya kuchangia. Wakipanga ndugu watano, mwenye nyumba hadaiwi leseni ya nyumba ya kuchangia. Wakipanga marafiki watano bila leseni ya halmashauri, ametenda kosa la jinai. Sheria ya Makazi ya mwaka 2004 haihesabu vichwa tu, inahesabu kaya. Mume na mke ni kaya moja, shangazi na mpwa wake vilevile, hata binamu wamo. Rafiki wa tangu utotoni huhesabiwa kaya ya peke yake.

Sababu kubwa ni moto. Mwanafamilia akinusa moshi usiku, anajua nani kalala wapi na atawaamsha wote. Wapangaji wasiojuana kila mmoja hujifungia na pasi na birika lake, hurudi kwa saa zake, wala hajui kama jirani yumo ndani. Ulinzi ambao ndugu hupeana, hapa inabidi utolewe na nyumba yenyewe: ving'ora vya moshi, milango inayozuia moto, njia ya kutokea isiyozibwa na baiskeli wala makabati.

Uskoti iliujua uchungu huu. Mwaka 1999 wanafunzi wawili walikufa kwa moto katika nyumba ya kupanga ya chini ya ardhi, Glasgow. Madirisha yalikuwa na nondo. Mwaka uliofuata leseni zikaanza kuwa za lazima huko.

Uingereza ilianza 2006, tena kwa majengo ya orofa tatu au zaidi tu, kana kwamba moto huchagua urefu wa nyumba. Sharti hilo lilifutwa tarehe 1 Oktoba 2018. Sasa wakifika watu watano wa kaya mbili au zaidi wanaochangia choo, bafu au jiko, leseni ni lazima. Halmashauri ikiona haja, inaweza kuzibana hata nyumba za watu watatu.

Siku hiyohiyo vipimo vya vyumba vya kulala viliingia, na kwangu hiki ndicho kifungu chenye utu kuliko vyote. Mtu mzima mmoja apate angalau mita za mraba 6.51, wawili 10.22. Chumba kisichofika 4.64 hakilaliwi na yeyote, hata mtoto. Pale dari inaposhuka chini ya mita 1.5 hapahesabiwi, kwa hiyo chumba cha darini kinaweza kuonekana kipana na bado kikakataliwa.

Leseni haizidi miaka mitano, wala haihamishwi kwa mtu mwingine nyumba ikiuzwa. Mpangaji aliyekaa katika nyumba isiyo nayo anaweza kuliomba baraza la mashauri ya nyumba liagize arudishiwe kodi aliyolipa. Kila halmashauri hutunza daftari la leseni hizi, na yeyote anaruhusiwa kulitazama kabla hajatoa senti yake.