Anwani ya Barua Pepe Haibahatishwi

Malalamiko ya barua pepe zilizofika kwa wasiohusika yanazidi kutufikia, na mengi hayana mkono wa mdukuzi yeyote. Mtumaji mwenyewe amechapa herufi chache za jina, programu ikampendekezea anwani, naye akabonyeza bila kusoma.

Hapa Uganda majina yenyewe yana mtego. Ofisi gani haina Nakato wawili? Ukichapa "Naka", programu aghalabu humtanguliza yule unayemwandikia kila mara, si unayemkusudia leo. Orodha ya mishahara ya Nakato wa uhasibu inatua kwa Nakato wa kampuni inayowaletea karatasi. Yuko Semakula wa s moja na Ssemakula wa s mbili. Wako wanaotanguliza jina la ukoo na wanaoliweka mwisho. Itafute anwani kwenye orodha ya taasisi, ulinganishe idara na cheo, au mpigie mhusika akutajie herufi kwa herufi. Kisha soma kinachofuata alama ya @: ofisi za serikali ni go.ug, vyuo vikuu ac.ug, kampuni nyingi co.ug. G ikigeuka c, barua imekwenda kwingine. Jina linaloonekana juu ya barua mtu yeyote anaweza kujiandikia, hata la wizara.

Wapo wanaoshikilia kwamba barua isiyorudi imefika kwa mwenyewe. Sivyo. Ikiwa anwani ipo, hata ya mtu baki, seva inaipokea kimya. Wengine hufuta barua kwenye folda ya zilizotumwa, halafu wanatuambia wameiondoa. Umeondoa nakala yako, ndugu. Ya mwenzio iko palepale.

Cc, sehemu ya kuwatumia wengine nakala, nayo inaonyesha kila mpokeaji anwani za wenzake. Kliniki ikiwaandikia wagonjwa wake hivyo, imeshatangaza nani anatibiwa wapi. Wawekwe kwenye Bcc, sehemu ya nakala inayoficha anwani.

Sasa sheria. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, anayetoa data binafsi za watu isivyo halali anaweza kutozwa faini isiyozidi pointi 240 za sarafu. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo ni shilingi 4,800,000. Au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Taasisi yenyewe inaweza kuamriwa na mahakama ilipe hadi asilimia 2 ya mapato ghafi ya mwaka. Kama kosa la kuteleza kidole linafikia kiwango hicho, hilo ni la mahakama. Sisi hatulitolei maoni.

Ikishatokea, andika saa, anwani iliyopokea na kiambatisho kilichokuwamo. Mwombe aliyepokea aifute na akuthibitishie kwa maandishi. Usimtumie tena barua ileile kumwonyesha ipi unayoisema (hili tumeliona, tena si kwa mmoja). Mwarifu afisa wa ulinzi wa data wa taasisi yako siku hiyohiyo, maana taasisi inatakiwa kuijulisha mara moja Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Ofisi hiyo ndiyo inayoamua kama wenye data waarifiwe. Kuitangulia ofisi hiyo kwa ujumbe wa WhatsApp kwenye kundi la wafanyakazi si utaratibu.