Orodha ya fomati si kiapo cha kamera

Umeunganisha kihisi kwenye bodi, umeiwasha, umeandika amri ya Linux ya kuorodhesha fomati za video, `v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-formats-ext`, na majibu hayaendani na karatasi ya maelezo ya kihisi. Labda orodha ni tupu. Labda imetaja YUYV, yaani mpangilio wa baiti za mwangaza (Y) na rangi (U na V), lakini picha inatoka ya kijani kama maji ya bwawa. Hapo watu huanza kubadilisha kebo, halafu kamera, halafu bodi, na wakimaliza vyote wanajikuta palepale. Nami nimepita njia hiyo zaidi ya mara moja. Karibu kila mara kosa langu lilikuwa lilelile: sikujiuliza jibu lile limetolewa na nani.

Dhana nyingi potofu kuhusu V4L2, sehemu ya kerneli ya Linux inayoshughulikia video, huzaliwa hapo.

Dhana: amri ya kuorodhesha fomati huiuliza kamera

Haiiulizi. Amri hutuma wito wa VIDIOC_ENUM_FMT kwenye nodi (faili la kifaa) ya /dev/video0, na nodi hiyo ina draiva wake, programu ya kerneli inayokiendesha kifaa. Kwenye kamera ya CSI, ile inayounganishwa moja kwa moja na chipu ya bodi, mara nyingi draiva huyo si wa kihisi hata kidogo. Ni wa kipokezi, yaani kile kipande cha chipu kinachopokea data kutoka kwenye leni (njia za waya za CSI) na kuimwaga kwenye kumbukumbu. Kihisi kina draiva wake pembeni, na kwa kawaida utamwona kama /dev/v4l-subdev0 au namba nyingine ya ukoo huo. Orodha unayoisoma ni jedwali lililoandikwa kwa lugha ya C na mtu aliyekaa mezani, pengine kabla kihisi chako hakijatengenezwa.

Mambo huzidi kuchanganya pale draiva wa kipokezi anapotangaza V4L2_CAP_IO_MC. Huyo huorodhesha kila fomati ambayo kipokezi kinaweza kuiandika kwenye kumbukumbu, bila kujali kilichochomekwa upande wa pili. Ndiyo maana unaweza kukuta safu nzima ya fomati za Bayer (data ghafi ya kihisi, rangi moja kwa kila pikseli) kwenye bodi yenye kihisi kinachotoa YUV tu. Hapo draiva hajadanganya. Amejibu swali aliloulizwa, nalo si lile ulilokuwa nalo kichwani.

Kamera za USB za UVC, kiwango cha pamoja cha kamera za USB, zina nafuu: draiva wa uvcvideo husoma vielezi vilivyomo ndani ya kamera inapochomekwa, kwa hiyo angalau unasikia maneno ya kamera yenyewe. Kama watengenezaji waliviandika vibaya, basi unasikia makosa yao.

Dhana: UYVY ni UYVY, iwe kwenye waya au kwenye kumbukumbu

Hii ndiyo imenila siku nyingi kuliko nyingine zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

V4L2 ina majina ya aina mbili yanayofanana kama mapacha. La kwanza ni fomati ya pikseli. V4L2_PIX_FMT_YUYV, kwa mfano, ni herufi nne zilizofungwa ndani ya namba moja ya biti 32, 0x56595559. Isome kutoka baiti ya mwisho kurudi ya kwanza na utapata Y, U, Y, V. Namba hiyo inaeleza jinsi baiti zilivyolala kwenye kumbukumbu, basi. La pili ni msimbo wa njia, kama MEDIA_BUS_FMT_UYVY8_1X16, ambao ni 0x200f. Huo unaeleza jinsi data inavyosafiri kati ya kihisi na kipokezi. Kipokezi kikipenda kinaweza kupokea UYVY na kuandika YUYV, au hata kuigeuza kuwa NV12, mpangilio mwingine wa kumbukumbu. Majina hayo mawili hayalazimiki kufanana.

Sasa angalia mtego. Kuna UYVY8_2X8, yenye namba 0x2006, na kuna UYVY8_1X16. Pikseli ni zilezile. Ya kwanza inasema kila pikseli inapita kwa sampuli mbili za biti 8, jambo lenye maana kwenye njia sambamba ya waya nane. Ya pili inasema sampuli moja ya biti 16. Kwenye CSI-2 data husafiri mfululizo kwenye leni, kwa hiyo tofauti hiyo haina maana ya kimwili, na mazoea yaliyokubaliwa ni kutumia 1X16. Lakini draiva wa zamani wa kihisi anaweza kusema 2X8, huku draiva mpya wa kipokezi ana 1X16 tu kwenye jedwali lake. Analinganisha namba kwa namba, hakuna inayolingana, na orodha inatoka tupu. Kamera ni nzima, kebo ni nzima, mtiririko wa biti ni uleule ambao ungeonekana kama wangepatana.

Mara ya kwanza nilipokutana na hili nilipoteza siku mbili nikipima volti. Tiba ilikuwa mstari mmoja. Siku hizi naanza na `media-ctl -p`, ambayo huchora kila kipande cha mkondo na kuandika kwenye kila pedi (mlango wa kuingilia au kutokea data) kitu kama hiki:

`[fmt:UYVY8_1X16/640x480@1/30 field:none colorspace:srgb]`

Naisoma kutoka kwenye kihisi kuelekea kwenye nodi ya video, pedi kwa pedi, nikitafuta mahali neno linapobadilika.

Dhana: orodha tupu maana yake kamera imekufa

Mara nyingi maana yake ni kwamba umebisha mlango usio wake. Kuanzia kerneli 4.16, uvcvideo huweza kuunda nodi mbili kwa kamera moja: moja ya picha, nyingine ya metadata. Ukiiuliza /dev/video1 fomati za picha, haina. Ukiiuliza kwa `--list-formats-meta` itakujibu. Nimeona watu wakirudisha kamera dukani kwa sababu hiyo.

Kuna pia suala la aina. Draiva anayetumia njia ya bamba nyingi (picha iliyogawanywa kwenye sehemu kadhaa za kumbukumbu), yaani V4L2_CAP_VIDEO_CAPTURE_MPLANE, hujibu maswali ya aina hiyo tu. Programu ya zamani inayouliza kwa aina ya kawaida hupata hitilafu ya EINVAL (ombi lisilo halali) na kuhitimisha kwamba hakuna kitu. `v4l2-ctl` hujirekebisha yenyewe, na hapo huja ule mshangao maarufu: amri inaona fomati, programu haioni.

Zitofautishe na hizi hitilafu mbili. EINVAL kwenye faharasa 0 ni draiva anayesema "nimetafuta, sina". ENOTTY ni kerneli ikisema kwamba wito huo haupo kabisa kwa nodi hiyo, kwa kawaida kwa sababu mwandishi wa draiva alisahau kuweka `vidioc_enum_fmt_vid_cap` kwenye orodha ya kazi zake. Ya kwanza itafute kwenye mantiki, ya pili kwenye muundo. Ukitaka kuona mazungumzo yenyewe, andika 3 kwenye /sys/class/video4linux/video0/dev_debug, na `dmesg` itaanza kukusimulia kila wito pamoja na yaliyomo ndani yake.

Dhana: orodha ndefu ni dalili ya draiva tajiri

Niliwahi kuandika draiva aliyechapisha YUYV bila kikomo hadi nikabonyeza Ctrl-C. ENUM_FMT haina idadi. Anayeuliza anaanza na faharasa 0, 1, 2, na kuendelea mpaka draiva arudishe EINVAL. Mimi nilijaza fomati na kurudisha sifuri bila kuitazama faharasa. Ndugu yake kosa hilo ni kuandika `>` badala ya `>=` unapolinganisha faharasa na urefu wa jedwali: orodha inaisha, ila kipengele cha mwisho ni takataka iliyookotwa nje ya jedwali. Ukiona kwenye logi "Unknown pixelformat" ikifuatiwa na namba isiyo na sura, hesabu vipengele vyako kwanza.

Dhana: S_FMT, wito wa kuweka fomati, imerudisha sifuri, kwa hiyo nimepata nilichoomba

V4L2 ina adabu ya muuzaji mzuri: usipopata ulichotaka, hukupa kinachokaribia, na haikwambii kwa sauti. Kwa utaratibu wake, draiva akipewa ukubwa au fomati asiyoiweza hapaswi kukataa. Anapaswa kubadilisha maadili ndani ya muundo uleule uliompelekea, kisha arudishe mafanikio. Programu isiyosoma tena muundo baada ya wito inafanya kazi na ndoto zake.

Sehemu inayoumiza ni `bytesperline`, idadi ya baiti za kila mstari. Chukua picha ya 1000x600 kwa YUYV. Kila pikseli ni baiti 2, kwa hiyo mstari ni baiti 2000. Lakini kipokezi kinachotaka kila mstari uanzie kwenye kizidisho cha 64 kitaweka 2048. Programu inayojihesabia upana mara mbili itachukua baiti 2000, na zile 48 za kujazia zitamwagikia mstari unaofuata. Hizo ni pikseli 24. Kila mstari unateleza pikseli 24 zaidi ya uliotangulia, na picha nzima inalala kimshazari. Ukiona mshazari, usiguse kihisi. Draiva akiripoti 2048 na `sizeimage` ya 1,228,800, kosa ni la programu. Akiripoti 2000 huku kifaa kinaandika 2048, kosa ni lake, na lipo kwenye ile kazi inayotumika na TRY_FMT (wito wa kujaribu fomati bila kuiweka) pamoja na S_FMT.

Dhana: fremu 5 kwa sekunde ni draiva kuripoti vibaya

Kamera ya USB 2.0 inasema 1920x1080 kwa MJPG (picha zilizobanwa) ni fremu 30, kwa YUYV ni 5. Watu hukimbilia kuhariri draiva. Piga hesabu kwanza. Fremu moja ya YUYV ya ukubwa huo ni baiti 4,147,200. Uhamishaji wa mfululizo kwenye USB 2.0 hubeba hadi baiti 3072 kwa kila kipande cha muda, na vipande ni 8000 kwa sekunde, yaani baiti 24,576,000. Gawanya: fremu 5 na ushee. Kamera imesema kweli kabisa.

Tena kumbuka kwamba kinachoripotiwa ni muda kati ya fremu, si kasi. 1/30 ni fremu 30 kwa sekunde. Draiva aliyegeuza juu kuwa chini huahidi fremu moja kila nusu dakika.

Dhana: rangi mbaya ni kihisi kibovu

Mara chache. Nyuso za buluu mara nyingi ni U na V zilizobadilishana. Kijani na zambarau kila mahali ni mwangaza uliosomwa kama rangi. Kwa vihisi vya Bayer kama IMX219, kuigeuza picha kichwa chini hubadilisha mpangilio wa rangi, kwa hiyo draiva lazima abadilishe na msimbo anaouripoti. Asipofanya hivyo, kila kitu kiko sawa mpaka mtu atakapogusa kitufe cha kugeuza.

Dhana: "Broken pipe" ni kebo

Jina linashawishi, nakubali. Lakini STREAMON, wito wa kuanzisha mtiririko, ikirudisha EPIPE (ndiyo hiyo "Broken pipe"), kwa kawaida hakuna biti iliyokwisha kupita. Kerneli imekagua viungo kabla ya kuanza na kukuta pedi mbili zilizounganishwa hazikubaliani: huku 1920x1080, kule bado 640x480 ya tangu kuwashwa. Kwenye draiva wengi wa CSI, S_FMT kwenye nodi ya video haimgusi kihisi. Unampanga mwenyewe kwa `media-ctl --set-v4l2`, kipande kwa kipande.

Dhana: v4l2-compliance imepita, basi fomati iliyoripotiwa ni sahihi

Chombo hicho ni kizuri na kila draiva apitishwe humo. Ila kinapima kama draiva anafuata kanuni za mazungumzo. Hakina namna ya kujua kwamba kilichoitwa YUYV kweli ni YUYV.

Jaribio langu halihitaji hata kioo cha kuonyeshea. Funika lenzi kwa kidole, kisha:

`v4l2-ctl -d /dev/video0 --stream-mmap --stream-count=1 --stream-to=giza.raw`

Kwanza pima faili. Kwa 640x480 ya YUYV isiyo na ujazo wa pembeni, liwe na baiti 614,400. Kisha lifungue kwa `hexdump -C`. Kwenye giza, mwangaza huwa karibu na 0x10, au 0x00 kama kihisi kinatumia kipimo kizima, na thamani za rangi hutulia karibu na 0x80. YUYV halisi itasomeka `10 80 10 80`. Mara ya mwisho draiva aliniapia kuwa ni YUYV, ukaguzi wote ulikuwa wa kijani, na faili likaanza na `80 10 80 10`.