Umbali wa kukimbia: maana yake kwa mpiga picha na kwa mwindaji

Umbali wa kukimbia ni nafasi iliyobaki kati yako na mnyama wakati anapoamua kuondoka kwa sababu yako. Aliyeieleza dhana hii kwa kina ni Heini Hediger, mtaalamu wa wanyama wa Uswisi aliyewahi kuongoza bustani za wanyama za Basel na Zürich. Kabla ya kufika mpaka huo kuna mwingine: mnyama anakutambua na kuacha alichokuwa akifanya, ingawa bado hajasogea. Ndani zaidi kuna wa tatu, ambao ni wa hatari. Mnyama aliyebanwa akaona hana pa kupita hakimbii tena, anashambulia.

Wapiga picha wengi huridhika kwamba mnyama hakukimbia. Hicho ni kipimo kibaya. Mpaka wa kuheshimu ni ule wa kwanza, wa kushtuka, kwa sababu hapo ndipo mnyama anaanza kulipa gharama ya kuwepo kwako: anaacha kula, anaacha kunyonyesha, anaacha kumwangalia simba aliye upande wa pili.

Umbali huu hauna namba moja. Katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, swala pala aliyezoea magari anaweza kuendelea kula karibu na barabara, lakini mtu akichomoza kiwiliwili chote juu ya paa la gari, umbo alilolizoea linabadilika naye anaondoka. Jike mwenye mtoto hukimbia mapema zaidi. Ukimwendea mnyama moja kwa moja anashtuka upesi kuliko ukipita kwa mshazari. Upande wa kusini wa hifadhi hauna ua, na pundamilia anayevuka Mto Mbagathi kwenda malisho ya Kitengela anakutana na watu kwa miguu, mbwa na pikipiki. Usitarajie akuvumilie huko kama anavyolivumilia gari ndani ya hifadhi.

Dalili zinasomeka ukitulia. Swala huacha kutafuna, huinua kichwa, masikio yote mawili yakakuelekea, kisha hupiga kwato chini au kukoroma. Kifaru huinua mkia. Nyati hunyanyua pua na kukukazia macho. Ndege anayeatamia ndiye anayedanganya zaidi: anajibana kwenye kiota bila kutikisika, mpiga picha akadhani amekubaliwa, kumbe amebaki kwa ajili ya mayai tu.

Kwa vitendo, simamisha gari kama mita 100 kabla ya kumfikia na umtazame dakika tano. Sogea mita 10 hadi 15, simama tena, ukibaki barabarani muda wote. Kichwa kikiinuka, usisogee. Akirudi kula, umekubaliwa hapo ulipo, si mbele zaidi. Asiporudi baada ya dakika chache, rudi nyuma wewe. Usizime na kuwasha injini kila mara, kwa sababu mlio wa kuwasha ndio unaoshtua. Na kamwe usisimame kati ya mama na mtoto, au kwenye njia wanayoelekea.

Je, picha itatosha kwa mbali? Piga hesabu. Upana wa eneo litakaloonekana ni upana wa kihisi cha kamera mara umbali, gawanya kwa urefu wa lenzi, yaani ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake. Kihisi cha milimita 36 na lenzi ya milimita 300, ukiwa mita 20, vinakupa upana wa mita 2.4. Swala pala anaijaza vizuri zaidi ya nusu ya picha hiyo. Kwa hiyo mita 20 ambazo KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori Kenya, inawataka wageni waziache kati yao na wanyama hazimnyimi mtu picha, hata kwa lenzi hiyo ya milimita 300. Kinachoharibu picha za mbali mara nyingi ni joto linalopanda kutoka ardhini jua likishakuwa kali. Mistari inayumba na manyoya yanapotea. Dawa yake ni kuingia langoni alfajiri, si kusogea. Weka mfuko wa maharage kwenye dirisha uegemeze lenzi juu yake, zima injini ukishafika mahali pa kukaa, na tumia kasi ya shata (muda ambao kamera inaingiza mwanga) ya 1/1000 ya sekunde au zaidi kwa mnyama anayetembea.

Mwindaji naye anaishi kwa umbali huo huo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, lakini Tanzania unaruhusiwa kwa kibali. Mwindaji mwadilifu hukaribia kwa miguu, upepo ukimjia usoni, kwa sababu risasi ya mbali hujeruhi bila kuua. Kumpiga mnyama kutoka ndani ya gari kumekatazwa, na sababu yake iko kwenye dhana hii: mnyama aliyezoea magari ameshapoteza kinga yake mbele ya gari, na kumpiga hivyo ni kumvizia asiyejua anaviziwa. Boone and Crockett Club, chama cha wawindaji kilichoanzishwa Marekani mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, kilijenga kanuni zake juu ya hilo: mnyama awe huru, na awe na nafasi ya kweli ya kuponyoka.

Hapo ndipo mpiga picha anapohusika kuliko anavyofikiri. Kila anayerusha chakula ili mnyama asogee anaufupisha umbali huo, na hawezi kuchagua nani ataufaidi baadaye. Kima wa bustani ya City Park jijini Nairobi wanaopewa karanga hawamkimbii mtu yeyote, awe na karanga au na mtego. Kifaru aliyezoea watu humzoea pia jangili; ndiyo maana picha yake isiwekwe mtandaoni ikiwa na alama ya mahali ilipopigwa.

Duma ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa huwinda mchana na hukubali magari yamzingire. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu duma wa Maasai Mara uligundua kwamba kwenye maeneo ya watalii wengi, jike alikuza hadi kujitegemea wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzazi. Kwenye watalii wachache, 2.3. Ukikuta magari matano yameshamzunguka, endelea na safari. Ukiwa peke yako na umeona anaanza kunyata, kaa ulipo hadi amalize mbio na kula. Kuwasha gari ili umfuate kunaweza kumkosesha windo, na kunawaonyesha fisi mahali alipo.