Kichwa cha ndovu na tikiti maji: dhana potofu kuhusu matabibu wa kale wa Kihindu

Oktoba 2014, akizindua hospitali moja mjini Mumbai, Waziri Mkuu Narendra Modi aliwaambia madaktari kwamba Ganesha, mungu mwenye kichwa cha ndovu, anaonyesha kuwa India ya kale ilikuwa na wapasuaji wa kurekebisha maumbo. Wengi walicheka. Mimi nilisikitika, maana India ina kitabu cha upasuaji kinachoshangaza kuliko kichwa cha ndovu, na siku ile mjadala wote uliishia kwenye mkonga.

Dhana: Dhanvantari ndiye daktari wa kwanza wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India.

Dhanvantari ni wa masimulizi. Miungu na maasura, mahasimu wao, waliisukasuka bahari ya maziwa kama mtu anayetafuta siagi kibuyuni, naye akaibuka na chombo cha amrita, kinywaji cha kutokufa. Mapacha Ashvin, matabibu wa miungu, ni hivyohivyo. Rig Veda, mkusanyo wa kale wa nyimbo za dini, inasema mguu wa Vishpala, anayesimuliwa kuwa mwanamke shujaa, ulikatika kama bawa la ndege, nao wakampa mguu wa chuma. Wapo wanaousoma ubeti huo kama cheti cha mguu bandia wa kwanza duniani. Ule ni wimbo wa kusifu miungu, si faili la hospitali, na baadhi ya wataalamu wanashikilia kwamba Vishpala alikuwa farasi wa mashindano.

Ila hadithi hizi zina kazi. Sushruta Samhita, kile kitabu cha upasuaji nilichokitaja, inasema Sushruta alifundishwa na Divodasa, mfalme wa Kashi, yaani Varanasi ya leo, ambaye ni Dhanvantari aliyezaliwa tena. Hiyo ni silsila. Elimu inapewa ukoo ili iheshimiwe.

Dhana: Tiba yenyewe ilikuwa mantra, yaani maneno matakatifu, na kafara.

Atharva Veda, mkusanyo mwingine wa nyimbo za dini, kweli imejaa nyimbo za kuifukuza homa. Lakini fungua Sushruta Samhita, maandishi ya Kisanskriti yaliyokua tabaka kwa tabaka kwa karne nyingi. Nakala moja ya majani ya mtende iliyohifadhiwa Nepal ni ya mwaka 878. Humo zimetajwa ala butu 101 na zenye makali 20. Mwanafunzi hakabidhiwi mgonjwa hivihivi. Kwanza anajifunza kukata kwenye mmumunye, tikiti maji na tango. Kutoboa anajifunzia kibofu cha mnyama aliyekufa, kupasua mshipa anajifunzia shina la yungiyungi, kushona anajifunzia kitambaa kizito na ngozi laini. Kufunga bendeji? Sanamu ya nguo.

Utumbo uliotoboka, kitabu kinaagiza pande za jeraha zishikanishwe kwa kung'atwa na sisimizi weusi wakubwa, kisha viwiliwili vikatwe na vichwa vibaki vimeng'ata kama pini. Kabla ya kisu mgonjwa hulishwa, na mnywaji hupewa pombe kali ili asihisi sana maumivu.

Charaka Samhita, kitabu ndugu chake, hakifichi kwamba tiba ya kuomba miungu ipo. Kinaitaja kando ya nyingine mbili: ya dawa na chakula kwa kutumia akili, na ya kuituliza nafsi.

Dhana: Sushruta alitengeneza pua kwa ngozi ya paji la uso.

Kosa hili limo hata kwenye makala za watu wazito. Kitabu kinasema shavu. Unachukua jani lenye ukubwa wa pua iliyokatwa, unalipima shavuni, unakata nyama ya kipimo hicho huku upande mmoja ukiwa bado umeshika, unaigeuzia puani, kisha unaingiza vijiti viwili vyenye tundu vya mbarika ili mgonjwa apumue.

Paji la uso lilipata umaarufu baadaye sana. Cowasjee, mswaga maksai wa jeshi la Waingereza, alikatwa pua alipotekwa na askari wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore kusini mwa India. Baadaye mtu wa tabaka la wafyatua matofali, karibu na Pune, alimtengenezea nyingine kwa ngozi ya paji. Habari ilichapishwa London mwaka 1794. Mwaka 1814 Joseph Carpue akaijaribu mbinu hiyo hukohuko London, ikafaulu. Mfyatua matofali hakuandikwa jina.

Dhana: Ayurveda ni mitishamba mitupu, haidhuru, na nyama ni mwiko.

Charaka anaagiza mchuzi wa nyama kwa waliodhoofika. Madini, hasa zebaki, yalishika kasi katika karne za baadaye, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulikuta risasi, zebaki au aseniki katika takriban dawa moja kati ya kila tano za Ayurveda zilizonunuliwa mtandaoni.

Mtishamba mmoja wao tunaujua vizuri: mwarobaini, uliotufikia kutoka huko. Sushruta anataka chumba cha aliyepasuliwa kifukizwe majani yake pamoja na haradali, chumvi na samli, mara mbili kwa siku, siku kumi mfululizo. Huku kwetu bado wapo wanaoyachoma jioni kufukuza mbu.